Chai ya tangawizi: nani anywe bila wasiwasi, nani aulize kwanza

Hapa Kisumu mafua yakiingia nyumbani, cha kwanza kutafutwa ni tangawizi. Mimi huinywa karibu kila siku, na mtu mzima mwenye afya simtishi. Kipande cha urefu wa kidole gumba, kikapondwa na kuchemshwa na chai ya watu wanne, hakina neno. Ninachohofia ni ile "dawa" ya tangawizi tele, ndimu na asali, inayochemshwa hadi ikolee, kisha mgonjwa anaibugia kutwa nzima.

Tumbo ndilo hulalamika kwanza: kiungulia, gesi, pengine kuhara. Mwenye vidonda vya tumbo huumia zaidi, hasa akiinywa kabla ya kula. Mimi hula kwanza.

Jambo zito zaidi ni damu. Mama mkwe wangu ana tatizo la vali ya moyo na anatumia warfarin, dawa inayozuia damu isigande ovyo. Kliniki humpima INR, kipimo kinachoonyesha damu yake inachukua muda gani kuganda. Siku moja sista alimuuliza, "Mama, kuna dawa za kienyeji unazotumia?" Akajibu, "Hakuna, sista. Ni tangawizi tu." Sista akaweka kalamu chini, akataka kujua ni kiasi gani na mara ngapi kwa siku. Alitueleza kwamba sukuma wiki na managu zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarin, ilhali tangawizi nyingi inaweza kumwongezea hatari ya kutokwa na damu. Kwa hivyo mboga asiache, ila kiasi kisipande na kushuka ghafla, na ile dawa ya kukolea aachane nayo.

Kama unatumia dawa ya aina ya warfarin, au aspirini ya kila siku, itaje tangawizi kliniki hata usipoulizwa. Ukiona fizi zinatoka damu, michubuko isiyo na sababu au choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo. Anayesubiri upasuaji naye amwambie daktari mapema.

Wajawazito huniuliza sana. Tangawizi husaidia kichefuchefu, na kiasi kinachopendekezwa mara nyingi ni gramu 1 ya unga wake kwa siku, kama nusu kijiko cha chai. Aliyewahi kutokwa na damu katika mimba hiyo, au aliyekaribia kujifungua, amuulize mkunga kwanza.

Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia vidonge au insulini ajipime, kwa kuwa tangawizi nyingi huweza kushusha sukari kidogo, huku asali anayoongeza ikiipandisha.

Na mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1 asipewe kabisa "dawa" yenye asali, hata kijiko kimoja. Asali inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu (ugonjwa hatari unaolegeza misuli), ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvizuia. Akikohoa, mnyonyeshe na umpeleke kliniki.