Hita ya maji ya gesi inawaka na kuzima? Usikimbilie kununua bodi

Juzi kati dada mmoja wa Raskazone, hapa Tanga, kanitumia meseji, "kaka hita yangu inapiga cheche, inawaka, halafu inazima, fundi kasema bodi imekufa ninunue nyingine". Bodi ni ile saketi ya umeme inayoongoza hita nzima. Nikamwambia dada usinunue kitu, nakuja.

Nimefika nikafungua bomba la maji ya moto. Cheche zikapiga, moto ukashika, sekunde chache tak, valvu ya gesi ikafunga. Sasa wewe unayejifunza ufundi tulia hapo hapo, maana hita imeshasema yote. Cheche zimepiga, basi maji yana presha ya kutosha kusukuma swichi na betri zina nguvu. Moto umeshika, basi gesi ipo na valvu imefunguka. Kilichobaki ni nani anaiambia bodi kwamba moto upo, na huyo ni kile kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya mwali, sensa. Mwali unapitisha umeme kidogo mno kupitia pale, bodi ikiukosa inafunga gesi isije ikajaa ndani. Nikakitoa, kina ukoko mweusi na kichwa cha waya kimeota kutu ya kijani, upepo wa bahari hauna huruma na shaba. Nikapitisha msasa laini mpaka kikang'aa, nikabana waya, ikawaka ikatulia. Bodi ile ile!

Hili la mafundi kubahatisha linaniuma mpaka leo kwa sababu nilipokuwa najifunza kazi Ngamiani fundi mkubwa alikuwa ananicheka mbele za wateja eti natembea na mita ya kupimia umeme kama daktari. Sasa hivi wateja wake wananipigia mimi. Vijana, pimeni jamani, msibahatishe kwa hela ya mtu.

Haipigi cheche kabisa? Anza na filta ya maji, halafu betri mbili za volti 1.5 zikupe 3, na uzipime wakati hita inajaribu kuwaka, maana betri iliyochoka ukiipima imetulia inakudanganya. Kisha swichi ya maji, funga gesi, toa betri, weka mita kwenye mlio, gusisha ncha zake kwenye nyaya mbili za swichi, fungua maji, isipolia swichi mbovu au mpira wake umechanika. Cheche zipo moto hakuna, angalia mtungi na regyuleta (kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi kwenye mtungi), kisha chomoa koili ya valvu uipime, isiposoma kitu imekatika. Bodi ni ya mwisho kabisa.

Na kila ukifungua bomba la gesi, ukilirudishia tafuta uvujaji kwa kupaka povu la sabuni kwenye maungio, sio kwa kiberiti, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa inalala chini sakafuni.

Ndugu zangu wa Lushoto, Juni na Julai baridi inawafanya mzibe kila dirisha, naomba mnisikie. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje haikai ndani ya bafu. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya moto, haina harufu, unalegea tu huku unaoga. Ifungeni nje ukutani, muingize bafuni bomba la maji peke yake.