Gitaa la marehemu linanguruma: ninunue pikapu mpya?

Swali: Shikamoo fundi. Nimeachiwa gitaa la umeme la marehemu baba mkubwa, aliyekuwa akipiga solo kwenye bendi ya dansi Tanga miaka ya 1970. Sasa ninalo hapa Moshi, napiga kanisani. Kichwani halina jina, ila bamba la chuma nyuma ya shingo linaonyesha limetengenezwa Japani. Lina pikapu mbili, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Nikilichomeka linanguruma, nikigusa voliumu linakwaruza, pikapu ya nyuma haitoi sauti kabisa, na funguo mbili za kukazia nyuzi zinateleza hadi kila baada ya wimbo lazima nitune upya. Nimeona pikapu mpya aina ya humbucker mtandaoni kwa bei ninayoimudu, pamoja na funguo za kisasa. Seremala mmoja hapa amesema kupanua matundu ni kazi ya siku moja tu. Niagize?

Jibu: Marahaba. Usiagize bado, na huyo seremala mwambie aweke patasi chini kwanza. Katika yote uliyoyataja, hakuna hata moja linalodai pikapu mpya kabla ya kupima, na mengi yanatibika kwa vitu vidogo ambavyo mafundi redio wanavyo. Mbao ikishachimbwa hairudi.

Kukosa jina kichwani kusikutie shaka. Viwanda vya Japani wakati ule viliuza nje magitaa mengi bila jina lao, au kwa jina la muuzaji. Mfano ni Teisco, kampuni iliyoanza 1946 na kununuliwa na Kawai 1967. Pikapu zao zilionekana za bei rahisi, leo zinatafutwa: mpiga gitaa Ry Cooder wa Marekani aliweka pikapu ya Teisco kwenye gitaa lake la Stratocaster, wakati wewe unataka kuitoa ya kwako uitupe.

Halafu fikiria sauti. Ile solo ya dansi, nyembamba na inayokata, ndiyo waliyotoka nayo Tanga ndugu Wilson na George Kinyonga wa bendi ya Jamhuri Jazz, wakaunda Arusha Jazz hapa kwetu, baadaye wakavuka kwenda Kenya wakawa Simba Wanyika. Humbucker itakupa sauti nene zaidi. Si mbaya, ila litakuwa gitaa jingine.

Sasa tupime. Tafuta mita ya fundi umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa. Chomeka waya kwenye gitaa, mwisho wa pili uache wazi, usiuchomeke kwenye ampu (kikuza sauti). Weka mita kwenye ohmu, kipimo cha kilo 20. Ncha moja ya mita iguse kijincha cha mbele cha plagi ya mwisho huo ulio wazi, nyingine iguse shina lake. Fungua voliumu na toni mpaka mwisho, washa pikapu ya mbele peke yake. Ukisoma kati ya kilo-ohmu 4 na 8 hivi, pikapu hiyo ni nzima. Kisha washa ya nyuma peke yake. Ikisoma karibu na sifuri, kuna nyaya zinagusana mahali, na hiyo ni habari njema kwa sababu koili, yaani waya uliosukwa ndani ya pikapu, huenda haina neno. Mita ikizidiwa na kuonyesha 1 upande wa kushoto, panda hadi kilo 2000. Ukiona namba kama 250 au 500, hapo unasoma voliumu yenyewe, maana njia ya pikapu imekatika.

Lakini swichi chafu nayo hutoa namba hiyohiyo, na gitaa lililokaa Tanga miaka yote hiyo limekula chumvi ya bahari. Puliza dawa ya kusafishia vyuma vya umeme ndani ya swichi, ile inayokauka yenyewe, kisha uipeleke huku na huku mara nyingi. Usitumie WD-40, inaacha mafuta, na mafuta yanakamata vumbi. Pima tena. Bado? Fungua bamba linalofunika nyaya, upime moja kwa moja kwenye nyaya mbili zinazotoka kwenye pikapu. Hapo tu ndipo utajua kama koili imekatika.

Na hata ikiwa imekatika, usikate tamaa. Waya wa koili ya gitaa una unene wa takriban milimita 0.06, kwa hiyo kutu kidogo tu inaumaliza, na mara nyingi hukatikia pale unapoungana na waya mnene wa kutokea nje. Ukiweza kuuona mwisho wake, unafungua mzunguko mmoja, unakwangua varnishi taratibu, unaulehemu upya. Isipowezekana, koili isukwe upya na mtu mwenye waya wa kipimo hicho. Fundi wa kusuka mota usimpe, hata akikuahidi mbingu: waya wake ni mnene, mizunguko inayotakiwa haitaenea.

Mngurumo ni kesi nyingine kabisa, na ndiyo inayowafanya watu wengi wanunue wasichohitaji. Ni kweli Seth Lover wa Gibson alibuni humbucker mwaka 1955 kwa ajili hiyo: koili mbili zilizopangwa kinyume ili mngurumo wa moja uufute wa nyingine. Ila humbucker haiungi waya wa athi uliokatika. Washa ampu, shika nyuzi kwa kiganja. Mngurumo ukipungua, athi ya nyuzi ipo, kinachokosekana ni kinga ya ndani. Usipobadilika, waya unaotoka kwenye daraja (kile kipande kinachobeba nyuzi mwilini mwa gitaa) kwenda mgongoni mwa voliumu umekatika au umeoza, ulehemu upya. Ukizidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyetengeneza zamani aligeuza nyaya za jeki, lile tundu la gitaa la kuchomekea waya.

Kinga ya ndani ni utepe wa shaba unaobandikwa kwenye mashimo yote ya mbao na kuunganishwa na athi. Foili ya jikoni inazuia kelele vilevile, tatizo risasi ya kulehemu haishiki kwenye alumini, kwa hiyo utahangaika kuiunganisha. Nunua shaba.

Kabla hujashika nyuzi kwa kipimo hicho, angalia umeme wa kanisani. Hapa siandiki kwa utani. Ampu yako ina plagi ya pini tatu? Soketi ile ina athi ya kweli, au ni ekstensheni ya nyaya mbili iliyopitishwa dirishani? Weka mita kwenye volti za AC, kipimo kikubwa, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye chuma cha maikrofoni, ampu na mixa zikiwa zimewaka. Shika ncha za mita kwenye plastiki tu. Ukisoma volti mia moja au zaidi, athi haipo, usipige. Ndiyo ule mtekenyo wa midomo ambao waimbaji huuchukulia mzaha. Ampu ikiharibika ndani siku hiyo, hautakuwa mtekenyo tena. Kuna mafundi watakushauri ukate waya wa athi wa nyuzi ili usipigwe shoti. Kataa. Kinachotakiwa ni kurekebisha soketi, ule waya wa kijani na njano ufike unakopaswa kufika.

Vifaa vipya ninavyokuruhusu ni hivi. Voliumu na toni zikiendelea kukwaruza baada ya kusafishwa, badilisha. Uliza zilizoandikwa A250K kwa pikapu za koili moja. Ukipewa B250K sauti haitashuka taratibu, utazungusha bila tofauti kubwa kisha ghafla inaisha mwishoni. Chukua zile ndogo za vipimo vya milimita. Za Kimarekani zina shingo ya karibu milimita 9.5 na tundu lako huenda ni 7 au 8, ndiyo hapo seremala anapoanza kutafuta drili. Fito zao pia ni nene kidogo, vifuniko vya marehemu havitaingia. Jeki badilisha bila kufikiri mara mbili, ni kitu cha bei ndogo na kinachakaa. Kwenye kulehemu tumia risasi yenye rojini ndani yake, usitumie dawa ya asidi ya mafundi bati, maana hiyo itakula nyaya polepole baada ya kazi kuisha.

Funguo ziangalie kabla ya kuzihukumu. Uzi uliozungushwa mara moja tu, au uliolaliana, utateleza hata kwenye ufunguo mpya wa bei mbaya. Kaza parafujo ya gurudumu la meno, tia tone la mafuta mepesi. Zikishindikana, pima mambo mawili kwa rula nzuri: upana wa tundu kichwani, na nafasi kutoka tundu hadi tundu. Funguo nyingi za kisasa hudai tundu la milimita 10, za zamani mara nyingi ni 8 na kitu. Zipo mpya zinazotengenezwa kwa kipimo cha zamani. Tafuta hizo.

Nyuzi weka za unene wa 10 au hata 11. Za 9 ni laini kwa vidole lakini kwenye daraja la gitaa kama lako zinatetemeka na kuruka. Daraja likiwa ni la kuelea, halikufungwa kwa parafujo, umbali kutoka juu kabisa ya shingo hadi freti (kile chuma cha kukingama shingoni) ya 12 uwe sawa na kutoka freti ya 12 hadi darajani, na upande wa besi usogee nyuma kidogo. Kila unachotoa, hata parafujo yenye kutu, weka kwenye mfuko pamoja na gitaa.

Fanya kile kipimo cha ohmu leo au kesho. Kisha niandikie namba uliyopata kwa pikapu ya nyuma kabla na baada ya kusafisha swichi, na kama nyaya zake ni mbili za kawaida au mmoja wenye wavu wa chuma kuuzunguka. Kama ni koili kweli, ilete Arusha yenyewe peke yake, gitaa liache Moshi uendelee kupiga kwa ya mbele.