Klachi haishiki unapoikanyaga, inashika unapoiachia

Mkuu, umeuliza mawili: klachi inafanya nini hasa huko ndani, na kwa nini ukiwa gia ya nne injini inalia juu lakini mwendo hauongezeki, hadi fundi wako anataka kushusha giaboksi. Mimi si fundi. Ni dereva niliyeua klachi mbili, moja kwa ujinga na nyingine kwa ubahili, na mara zote mbili nilisimama pale giaboksi ikishushwa, nikashika kila kipande mkononi. Nilichojifunza ni hiki.

Kwanza, watu wengi wanadhani ukikanyaga pedali ndipo klachi inaanza kazi. Ni kinyume chake. Klachi iko kazini muda wote mguu wako ukiwa mbali nayo. Ukikanyaga unaitenganisha, basi.

Inahitajika kwa sababu injini haiwezi kuanza kusukuma kutoka sifuri. Ili isizime tu, inapaswa kuzunguka kama mara 700 hadi 900 kwa dakika. Gari likiwa limesimama, matairi hayazunguki kabisa. Ukiviunganisha viwili hivyo ghafla, gari linaruka na injini inazima. Kila aliyejifunzia gari la gia anaujua mruko huo. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu katikati kinachoweza kuteleza kidogo kabla ya kushika.

Kitu hicho ni sahani ya klachi. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, linalozunguka na injini. Juu yake imefungwa presha pleti kwa bolti, nayo inazunguka na injini pia. Katikati ya hizo mbili inakaa sahani, imevikwa lainingi, yaani tabaka gumu la kushika kwa msuguano, pande zote mbili, na tundu lake la katikati lina meno yanayoingia kwenye shafti ya giaboksi. Bana sarafu kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha zungusha mkono: sarafu inafuata. Legeza vidole, mkono unazunguka peke yake. Vidole ni flaiwili na presha pleti. Sarafu ni sahani, na nyuma yake kuna giaboksi na matairi.

Anayebana si mguu wako. Ni springi pana yenye umbo la sahani, iliyokatwa vidole vidole kuelekea katikati. Ukikanyaga pedali, kebo au mafuta ya breki yanasukuma foki (mkono wa chuma kama uma), foki inasukuma beringi, beringi inabonyeza ncha za vile vidole. Springi inabembea kwenye pete iliyo karibu na ukingo wake kama pembea: katikati ikiingia, pembeni inainuka, presha pleti inajivuta nyuma, na sahani inabaki huru. Nafasi inayopatikana ni ndogo sana. Ndiyo maana hewa kidogo tu ikiingia kwenye mafuta, pedali inakuwa laini, sahani haiachiwi sawasawa, na gia zinakwaruza, hasa rivasi.

Sasa pale katikati, kati ya kukanyaga na kuachia, ndipo klachi inapolika. Ikishika kabisa hailiki. Ikiachana kabisa hailiki. Inapoteleza, injini inazunguka haraka kuliko shafti, na tofauti hiyo yote inageuka kuwa joto. Ukiondoka kutoka kusimama huku injini ukiishikilia kwenye mzunguko uleule, karibu nusu ya kazi iliyofanya injini inaishia kwenye joto kabla klachi haijashika. Hilo halina ubaya, linaisha kwa sekunde moja au mbili. Ubaya ni kulirefusha.

Nami nililirefusha. Kwenye foleni ya mlimani nilikuwa sigusi breki. Nilishikilia gari lisirudi nyuma kwa kuchezesha klachi na pedali ya mafuta, nikijiona dereva hodari. Dakika chache baadaye harufu ikaingia ndani, kali, kama gazeti linaloungua pamoja na mpira. Nilidhani ni gari la mbele yangu! Sahani ilipotolewa, lainingi ilikuwa nyeusi na imeng'aa kama kioo, na flaiwili ina madoa ya bluu. Hayo madoa ni chuma kilichopata moto kupita kiasi, na yanaweza kulifanya gari litetemeke kila unapoondoka hata ukiweka sahani mpya, hivyo flaiwili ilibidi ichongwe upya.

Turudi kwenye gari lako. Injini kulia bila mwendo kuongezeka, tena kwenye gia kubwa, ni klachi inateleza. Unaweza kuhakikisha hivi: sehemu tambarare isiyo na mtu wala kitu mbele, vuta breki ya mkono sawasawa, mguu mwingine uwe kwenye breki, weka gia ya tatu, kisha achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Ikiendelea kuunguruma, umepata jibu. Usirudie rudie, maana kila mara unachoma kilichobaki.

Lakini kabla hujakubali giaboksi ishushwe, muulize fundi kama klachi yako ni ya kebo. Sahani inapolika, vile vidole vya springi vinasogea kuelekea giaboksi, na mchezo wa kebo, yaani ulegevu wake, unapungua. Kebo ikikaza kabisa, beringi inakuwa inabonyeza springi muda wote, kana kwamba umeweka mguu pale, na klachi inateleza hata kama lainingi bado ipo. Kurekebisha kebo ni kazi ya dakika chache. Kuweka mguu juu ya pedali wakati wa safari huleta madhara yaleyale, kwa hiyo kama una tabia hiyo, acha leo.

Kama ni lazima ishushwe, hapa ndipo ubahili ulinigharimu. Mara ya pili nilinunua sahani peke yake, nikairudisha beringi ya zamani. Miezi michache baadaye, kila nikikanyaga klachi sauti ya kukwangua, nikiachia inanyamaza. Hiyo ndiyo dalili ya beringi ya klachi. (Ikiwa ni kinyume, sauti ipo gari likiwa nyutro na inapotea ukikanyaga, tazama beringi ya shafti ndani ya giaboksi.) Nikalipia ufundi uleule mara mbili kwa kipande kidogo kuliko kiganja.

Badilisha sahani, presha pleti na beringi kwa pamoja. Na flaiwili ikiwa wazi, mwambie fundi apitishe kidole chini ya sili ya nyuma ya injini, ule mpira unaozuia oili isivuje. Kikitoka na oili, ibadilishwe kabla sahani mpya haijaingia, kwa sababu lainingi ikilowa oili itateleza tena hata kama ni mpya kabisa.