Lifti za Burundi kabla ya kuripoti kazini

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kuzunguka Burundi na begi lako, kwa lifti, kabla hujaripoti kazini. Nenda. Toka Kigoma hadi mpakani Manyovu ukiwa na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Viza huhitaji, sote ni Afrika Mashariki. Ukishavuka, magari kule hupita kulia, usije ukapungia yanayorudi Manyovu! Lori likisimama, ulizia nauli kabla hujatupa begi juu. Lifti ya bure ni nadra, hasa mafuta yakiadimika, na huadimika kweli. Giza likiingia, acha barabara. Bujumbura fikia Buyenzi, Kiswahili kimejaa mtaani. Ila rudi wiki moja kabla ya kuripoti; mwajiri hasikilizi habari za lori kuharibika njiani.