Kutabiri Uchaguzi Ni Kuwajua Watakaobaki Nyumbani

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu ameniandikia akiuliza kama sayansi ya siasa ina kazi, na kama mtu anaweza kujijengea jina chuoni kwa kutabiri uchaguzi.

Kazi ipo, mdogo wangu, lakini dharau nayo ipo. Nilipowasilisha pendekezo langu la uzamivu, msimamizi wangu alisema mbele ya jopo zima kwamba kutabiri uchaguzi ni kazi ya waganga na wacheza kamari. Maneno yale bado yananichoma. Nilibadilisha msimamizi, mada sikuibadilisha.

Ukaja uchaguzi wa urais wa Kenya wa 2022. Kura ya maoni ya mwisho ya kampuni ya utafiti ya Ipsos ilimpa Raila Odinga asilimia 47 na William Ruto 41, na wengi wakaona mambo yamekwisha. Kwenye semina ya idara nilisema pengo hilo halitoshi: kumtaja mgombea mbele ya mtafiti ni jambo moja, kurauka kupanga foleni ni jingine. Walinicheka. Siku ilipofika, waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 65, wakati Agosti 2017 walipita 75. Mombasa, ambako Raila alishinda, hata nusu ya waliojiandikisha hawakufika vituoni. Ruto akapata asilimia 50.49 kwa 48.85, tofauti ya kura kama 233,000. Hakuna aliyerudi kuniambia nilisema kweli, ila makala niliyoyaandika baadaye ndiyo yaliyonipandisha cheo.

Kwa hiyo jifunze takwimu. Usingoje kozi ya chuo, jifunze sasa. IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, iliweka hadharani fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000. Anza na za eneo bunge lenu, uzilinganishe na daftari la wapigakura, uone nani alibaki nyumbani na wapi. Hesabu hizo zinachosha macho, na ndiyo sababu wengi hawazigusi. Narudia: takwimu.

Halafu jina lako likishajulikana, watakuja wenye bahasha wakitaka asilimia zao zipande kidogo kabla ya mkutano wa hadhara. Wakatae wote, wa kwenu na wa kwao. Sheria ya Kenya ya 2012 inataka kila kura ya maoni inayochapishwa imtaje aliyeigharimia, ukubwa wa sampuli na kiwango cha makosa. Msomi anayeficha hayo asiitwe msomi, hata awe profesa.