Kaa wa kwenye beseni alijuaje kama maji yamekupwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kigombe, babangu ni mvuvi. Hapa dikoni kwetu kuna paka mweusi mwenye sikio moja limekatika. Kila ngalawa zinapokaribia kurudi tunamkuta keshakaa juu ya jiwe, anatazama bahari. Iwe asubuhi, iwe alasiri, na ngalawa zenyewe hazina saa maalumu, zinafuata maji na upepo. Mimi nasema paka huyu anaujua wakati. Rafiki yangu aliyesoma Dar ananicheka. Anasema mnyama hana jana wala kesho, na kwamba hata sisi binadamu hatuujui wakati, tunajua kusoma saa ya ukutani basi. Tumewekeana sahani ya pweza. Nani ale?
Mwana wa Mvuvi, Kigombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Sahani ya pweza si jambo dogo, kwa hiyo niruhusu niende taratibu.

Nimalizane na paka mapema, maana katika mashahidi wote ungeweza kuniletea, huyu ndiye dhaifu. Kabla wewe hujaiona ngalawa, kina mama wenye ndoo wameshaanza kuteremka pwani, mchuuzi ameshaegesha baiskeli yake, watoto wameshapiga kelele. Paka anawasoma nyinyi. Ukitaka nimwamini, mchunguze siku ambazo wavuvi wako dago, kwenye kambi zao za mbali, na dikoni hakuna mtu. Akija kukaa jiweni saa ileile ambayo maji yangewarudisha, niandikie tena.

Kaa ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1984, nikiwa mwalimu kijana wa baiolojia katika sekondari moja ya bweni hapa Tanga, nilisoma mahali kwamba kaa wadogo wa matopeni, wale ambao dume ana gando moja kubwa utadhani kabeba gitaa, hawahitaji kuiona bahari ili kujua kama maji yamejaa au yamekupwa. Sikuamini. Nikaenda mikokoni na wanafunzi wa kidato cha tatu, tukachota kaa 12, tukawatia katika mabeseni mawili yenye matope na maji ya chumvi kidogo, tukayafungia katika stoo ya maabara isiyo na dirisha. Kila saa mwanafunzi mmoja wa zamu aliingia na tochi tuliyoifunika karatasi nyekundu, akahesabu kaa wangapi wanatembea na wangapi wametulia.

Utafiti wenyewe haukuwa wa kujivunia. Kaa watatu walikufa. Tarakimu za saa nane na saa tisa za usiku zilikuwa nzuri mno, nikajua kuna watu walizijaza asubuhi wakinywa uji. Lakini za mchana nilizihesabu mwenyewe. Siku ya kwanza kaa walianza pilikapilika karibu saa nne asubuhi. Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kukupwa sana, na wewe mtoto wa mvuvi huna haja ya kuambiwa kwamba kwenye bamvua la huku kwetu maji hukauka mida hiyohiyo. Siku ya pili wakachelewa kidogo, siku ya tatu wakachelewa tena. Huko nje bahari nayo ilikuwa ikichelewa vilevile, kama dakika 50 kila siku, kwa kuwa inaufuata mwezi, na mwezi kila siku huchelewa kufika pale ulipokuwa jana. Ndani ya stoo hakukuwa na mwezi, hakukuwa na bahari. Mvulana mmoja aliyekuwa hazungumzi darasani aliniuliza, “Sasa mwalimu, nani kamwambia?”

Hakuna aliyemwambia. Saa imo mwilini mwake. Wala si kwa kaa tu. Uani kwangu pana mkwaju, na kila magharibi majani yake hujifumba mawili mawili kama mtu anayekunja mkeka. Utasema ni giza linaloyafumba. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alikitia kifauongo gizani mchana kutwa, akakuta bado kinafumbua majani asubuhi na kuyafumba jioni. Hicho ni kile kimea cha njiani ambacho watoto hukigusa kikajifanya kimekufa. Mwaka 1955 Mjerumani Max Renner aliwazoesha nyuki kupewa maji ya sukari kwa saa maalumu katika chumba kilichofungwa huko Paris, kisha akawapandisha ndege usiku hadi New York, akawaweka katika chumba kama kile. Nyuki wakatoka kutafuta sukari yao kwa saa ya Paris. Na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha mashine yenyewe inavyofanya kazi ndani ya vijinzi vya matunda: protini fulani hujazana katika seli usiku, ikavunjika mchana, ikaanza kujazana tena. Wewe na mimi tunayo mashine ya aina hiyo, na kiongozi wake ni kifungu cha seli kama 20,000 kilicho nyuma ya macho, pale mishipa ya macho inapokutana.

Hapo najua unatabasamu, unahisi harufu ya pweza. Ngoja. Rafiki yako atakuambia kwamba saa ya ukutani nayo inakwenda, je, inaujua wakati? Na mimi nitasimama upande wake. Kufuata wakati ni jambo moja, kuufahamu ni jingine.

Tazama mkonge, mmea uliotulea sisi watu wa Tanga tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida na ikafika mizima 62 tu mwaka 1893. Mkonge hutoa majani yake kama 200 na kitu, inaweza kuchukua miaka saba au kumi, kisha unapandisha mlingoti, unatoa maua mara moja tu, unakufa. Ukiutazama utadhani ulikuwa ukihesabu. Au tazama silikanti, samaki ambaye wavuvi wa kwenu wamemnasa katika jarife bila kumtaka. Mwaka 2021 watafiti walichunguza mistari ya kwenye magamba ya silikanti wa Komoro, mmoja wao wakamkuta na miaka 84, na mimba yake wakaikadiria kuwa ya miaka mitano hivi. Miaka yote hiyo imeandikwa ubavuni mwake, lakini sina sababu ya kudhani kwamba huko mapangoni chini yupo anayejiambia, “Leo nimetimiza mwaka wa tatu wa mimba.” Gamba limehesabu, samaki hakuhesabu.

Mnyama aliyenifanya niache kuwadharau wanyama ni ndege mmoja wa Marekani, wa ukoo wa kunguru, mwenye tabia ya kufukia chakula. Mwaka 1998 watafiti Nicola Clayton na Anthony Dickinson waliwapa ndege hao funza na karanga wavifukie. Funza ni watamu zaidi, lakini huoza. Ndege waliporuhusiwa kufukua baada ya saa 4, walikwenda kwanza kwenye funza. Waliporuhusiwa baada ya saa 124, yaani siku tano na ushee, wale waliokwishajifunza kwamba funza huharibika waliwaacha, wakaenda kwenye karanga. Huyu si kaa wa beseni. Huyu amekumbuka alichofukia, alipokifukia, na kwamba ni zamani. Kwa hiyo maneno ya rafiki yako kuwa mnyama hana jana, nayafuta kwa kalamu nyekundu. (Kunguru wetu weusi hawa wa mjini sina ushahidi nao, ila jinsi wanavyojua siku nikianika dagaa nimeanza kuwaogopa.)

Sasa tuje kwa binadamu. Mwaka 1962 kijana wa Kifaransa, Michel Siffre, alishuka katika pango la barafu milimani Alps tarehe 16 Julai, bila saa, akakaa peke yake gizani. Ukiwahi kuingia mapango ya Amboni, halafu yule anayewatembeza akazima tochi kwa mzaha, unajua ni giza la namna gani. Siffre aliandika siku zake katika daftari kwa kukisia. Wenzake walipomjulisha kwamba muda umekwisha ilikuwa 14 Septemba, na yeye kwenye daftari lake alikuwa bado tarehe 20 Agosti. Alipoambiwa kwa simu ahesabu moja hadi 120, namba moja kwa sekunde, alitumia dakika tano. Lakini mwili wake ulikuwa unalala na kuamka kwa mzunguko wa saa 24 na nusu hivi, karibu sawa na sisi tuliokuwa juani! Mwili ulijua, mwenye mwili hajui. Mpaka hapo rafiki yako anaongoza.

Anaposhindwa ni kwenye ile saa ya ukutani. Na hapa nitakueleza nyumba niliyolelewa.

Babangu alikuja Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, akakata mkonge. Kambini waliamshwa alfajiri kwa kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa kikapigwa nyundo. Mwezi wake haukuwa mwezi wa kalenda. Alikuwa na kadi, nayo ikiitwa kipande, yenye vyumba 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, chumba kimoja kinatiwa alama. Ukiugua, ukifiwa, ukishindwa kumaliza, hapatiwi kitu. Mshahara ni vyumba 30 vikijaa, hata kama mwezi wa angani umeshaandama mara ya pili. Mtu akimuuliza baba leo tarehe ngapi, alitoa kadi mfukoni, hakutazama juu.

Mama alikuwa Mdigo wa pwani. Yeye mwezi wake ulikuwa wa angani: bamvua la mwezi mchanga, maji mafu, bamvua la mwezi mpevu. Siku za bamvua alibeba mchokoo akaenda mwambani kuchokoa pweza, na hakuna kadi wala nyapara aliyeweza kumwambia aende siku nyingine. Mimi nami nilikuwa na kengele ya shule, na muhula, na ada.

Nyumba moja, nyakati tatu, na hazilingani. Namkumbuka mama, mwaka 1959 au 1960 hivi, amekaa kibarazani ananisuka, anasema na baba bila kuinua macho: “Kipande chako kimebaki siku sita, na wewe mguu unakuuma, basi tuseme nane. Bamvua ni kesho kutwa, nitapata siku nne za kuchokoa. Mtoto anadaiwa ada Jumatatu. Basi pweza ndiye atakayelipa, mshahara wako tutaulia sikukuu.” Mama yangu hakujua kusoma saa. Tulikuwa hatuna saa.

Tangu nimesoma habari za kaa na nyuki nimekuwa nikimrudia mama pale kibarazani. Kaa ana bahari mwilini, nyuki ana jua la Paris, na kila mmoja amefungwa kwenye wakati wake. Hawezi kuutoa nje akauweka kando ya wakati wa mwingine akaulizia upi utatangulia. Mama alifanya hivyo akisuka nywele, akaongeza na siku mbili za mguu wa baba ambazo hazikuwa zimefika bado. Mimi huko ndiko kuelewa wakati ninakokujua. Kama wale ndege wa Marekani wamefika katikati ya njia hiyo, nawapa hongera. Siffre alipotea kwa sababu pangoni hakuwa na cha kulinganisha nacho; mama naye ungemfungia kule angepotea vilevile, tena angekuwa mkali.

Nimeshawahi kubishiwa kwamba ninachokieleza ni hesabu tu, na kwamba wakati wenyewe bado hakuna aliyeuona wala kuushika. Ni kweli, hatuna jicho la wakati kama tulivyo na jicho la mwanga. Lakini hata joto nalijua kwa chai kuniunguza ulimi, na hakuna anayeniambia kwa hiyo silijui joto.

Kuhusu sahani: wewe umeshindwa kwa paka, umeshinda kwa kaa. Rafiki yako ameshinda kwa pango, ameshindwa kwa mama yangu, na kushindwa na mama yangu lilikuwa jambo la kawaida kwa watu wengi. Nunueni sahani mbili. Moja mle, moja mniletee, na pilipili pembeni. Wahariri wanajua nyumbani kwangu, na msiniulize saa ngapi: njooni kabla mkwaju haujafumba majani.