Mtoto akae nyuma, kwenye kiti chake na mkanda wake

Katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, mama mwenye mtoto mchanga akipewa lifti hupishwa siti ya mbele. Ni heshima ambayo hakuna anayetufundisha. Hata mzee aliyekwisha kukaa hushuka, akahamia nyuma, ili mama na mwanawe wakae kwa nafasi. Naipenda heshima hiyo na nisingependa ife. Hata hivyo, kwa miaka ambayo nimekuwa nikiwasafirisha wanangu watatu kati ya Mtwara mjini, Newala kwa wazazi wangu na Lindi kwa wakwe zangu, nimeshika msimamo kwamba mama apishwe siti ya nyuma, na kwamba mtoto apewe kiti chake na mkanda wake badala ya magoti ya mtu yeyote, awe mama, awe bibi.

Siti ya mbele ndiyo iliyo karibu na dashibodi na kioo, na ndiyo yenye mfuko wa hewa. Magari mengi tunayoendesha huku, yaani IST, Raum, Noah na Probox, yametoka Japani yakiwa yametumika, na mengi yana mfuko huo upande wa abiria bila swichi ya kuuzima. Ajali ikitokea, mfuko wa hewa hufumuka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa nguvu iliyopimwa kwa mwili wa mtu mzima aliyefunga mkanda, na mtoto aliyepakatwa hujikuta katikati ya mfuko huo na kifua cha mama yake. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma nacho kikiwekwa mbele hupigwa mgongoni na mfuko huo, palepale kilipoegemea kichwa cha mtoto. Kwa hiyo kiti cha namna hiyo hakiwekwi kabisa mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, hata kama safari ni ya hapa hapa Mtwara mjini, kutoka Shangani hadi sokoni.

Wazazi wengi huniambia kwamba wao hupakata kwa mikono miwili na hawamwachii mtoto. Nawaamini, ila tatizo haliko kwenye upendo wala kwenye nguvu za mikono. Gari likisimama ghafla, waliomo ndani hawasimami nalo. Wao huendelea mbele kwa mwendo uleule mpaka kitu kiwazuie. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inauruhusu hata kwenye maeneo ya makazi, kugonga kitu kisichosogea ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa takriban mita 10. Katika mgongano wa namna hiyo, mtoto wa kilo 10 huchomoka kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wa kilo 200, na hakuna mama wala baba anayeweza kuzuia mzigo huo kwa mikono. Wapo wanaozungusha mkanda mmoja kuwafunga mama na mtoto pamoja wakidhani wamewalinda wote wawili. Hapo hatari huongezeka, kwa sababu uzito wote wa mama humbana mtoto dhidi ya mkanda.

Kiti cha mtoto kilichofungwa vizuri ndicho kinachobeba nguvu hiyo na kuisambaza kwenye sehemu imara za mwili wake, na hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mtoto mchanga kufa katika ajali. Mtoto mdogo atazame nyuma ya gari. Kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili na shingo yake bado haijakomaa, kwa hiyo akitazama mbele gari linapogonga, kichwa hutupwa na shingo huvutwa. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti humpokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Kanuni mpya ya kimataifa ya viti hivyo, iitwayo R129, inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite umri wa miezi 15, na nchini Sweden wazazi wengi huwaacha watoto wao hivyo mpaka miaka 4. Wangu wa mwisho alitazama nyuma mpaka miguu yake ikawa inakunjika kwenye siti, na majirani walikuwa wakinihurumia kwamba namtesa, ilhali kukunja miguu hakumdhuru mtoto hata kidogo.

Huku kwetu viti hivi si vingi madukani. Wengi huagiza Dar es Salaam au huletewa na ndugu, na vingi ni vya mtumba. Kabla ya kulipa, kigeuze utafute lebo yenye herufi E ndani ya duara pamoja na maandishi R44, yaani kanuni ya zamani, au R129, kisha utafute tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo mara nyingi hugongwa kwenye plastiki upande wa chini. Kagua kama plastiki ina ufa na kama mikanda imechanika au imekakamaa kwa jua, na umuulize muuzaji kilikuwa kwenye gari gani. Kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali hakifai tena hata kama kinang'aa, na ambacho historia yake haijulikani ni bora ukiache.

Kukifunga ndipo penye kazi. Pitisha vidole kati ya mgongo na kikalio cha siti ya nyuma; ukigusa vyuma viwili vilivyojificha humo, kiti chenye vishikizo vyake hunasa hapo moja kwa moja. Gari lisipokuwa na vyuma hivyo, mkanda wa kawaida wa gari unatosha, mradi upite kwenye njia iliyooneshwa na mtengenezaji. Mimi huweka goti ndani ya kiti, nikakandamiza kwa uzito wangu wote huku mkono mmoja ukivuta mkanda mpaka ugome kuja. Kisha hukishika pale mkanda unapopita na kukitikisa kulia na kushoto: kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, nafungua na kuanza upya. Mikanda ya mtoto mwenyewe huikaza mpaka nisiweze kufinya mkunjo wowote begani kwake. Sweta nzito au blanketi visikae chini ya mikanda hiyo, kwa kuwa vitabonyea wakati wa ajali na kuacha uwazi. Kama ni alfajiri ya baridi kule juu Newala, mtoto hufungwa kwanza, kisha hufunikwa khanga kwa juu.

Na jua letu la pwani lina adabu yake. Kifungio cha chuma kikikaa saa nzima kwenye jua la Novemba kinaweza kuunguza paja la mtoto, naye akishaungua mara moja atakikataa kiti siku zote. Mimi hufunika kiti chote kwa kitenge kila ninapoegesha, na huushika mkanda kwa kiganja changu kabla ya kumkalisha mtoto.

Yote hayo ni mepesi ukilinganisha na kumweleza bibi. Mama yangu mzazi, tulipokwenda Newala kumchukua aje kukaa nasi mjini, alimwona mjukuu amefungwa kwenye kiti akanyoosha mikono. Nikamwambia, "Shikamoo mama, leo mjukuu wako atakaa hapa." Akaitikia marahaba, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba sisi sote alitupakata na wote tuko hai. Sikubishana naye, maana asemalo ni kweli. Jibu nililokuwa nalo, na ambalo ningependa kila mzazi wa kusini alitafakari, ni kwamba barabara za enzi zake zilikuwa nyingine. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na magari yalijikokota kwenye mchanga na matope kwa mwendo ambao leo bodaboda angeudharau. Ubovu wa barabara ulituchosha, lakini pia ulipunguza mwendo. Sasa kuna lami, gari dogo linakimbia kutoka Masasi hadi Mnazi Mmoja na kuendelea mpaka Mtwara, na katika njia hiyohiyo yanapita malori ya makaa ya mawe yanayoelekea bandarini na, msimu ukifika, malori ya korosho. Mikono ya bibi ni ileile. Mwendo ndio uliobadilika.

Aliyelimaliza jambo hilo alikuwa kaka yangu. Ninyi mnaozijua mila za huku mnafahamu uzito wa neno la mjomba juu ya watoto wa dada yake. Alimwambia, "Mama, mtoto abaki kwenye kiti, wewe ukae ubavuni pake, mkono wako umpe aushike." Bibi akapewa nafasi yake, akafunga mkanda wake mwenyewe, na safari nzima mtoto alikuwa ameshika kidole chake. Nashauri kila familia imtafute mtu wa namna hiyo mapema, mjomba, shangazi au babu, akubali kusema neno kabla ya siku ya safari, kwa sababu mkwe hawezi kubishana na wazee mlangoni mwa gari huku injini inanguruma.

Kwa watoto wakubwa kosa letu ni kuamini kwamba wamekwisha kuwa watu wazima. Mkanda wa gari umeundwa kwa mtu mwenye urefu unaokaribia sentimita 150. Mtoto wa miaka sita akifungwa bila kunyanyuliwa, sehemu ya chini ya mkanda hupanda tumboni, penye ini na utumbo, na ya juu humkata shingoni. Naye ili aepuke karaha hiyo huipitisha chini ya kwapa au nyuma ya mgongo, na hapo kinga yote imepotea. Kiti cha kumnyanyua, kile kisicho na mikanda yake, humweka sawa: mkanda wa chini ulale juu ya mapaja, wa juu upite katikati ya bega. Usikitumie kwenye siti yenye mkanda wa kiunoni peke yake.

Misimu ya jando na unyago ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Gari la watu watano hubeba kumi, watoto wanajazwa kwenye buti la Probox pamoja na magunia na masufuria, mmoja anasimama katikati ya siti mbili za mbele ili aone njia. Najua hakuna anayetaka kumwacha mtoto nyuma siku ya furaha. Lakini aliye kwenye buti hana mkanda, na gari likigongwa kwa nyuma yeye ndiye wa kwanza. Sufuria iliyolegea nayo huruka kama jiwe. Afadhali gari liende mara mbili, au wakubwa wapande basi. Nimewahi kusema hivyo mbele ya wenye shughuli nikaonekana najivuna, na bado nasema.

Gari la shule nalo tulihoji bila aibu. Tarehe 26 Julai 2022, hapa Mtwara Mikindani, gari la wanafunzi lilitumbukia shimoni asubuhi wakienda shuleni, na tukazika watoto. Mzazi ana haki ya kusimama pale gari linapopakia na kuona mwenyewe kama kila mtoto ana siti yake, kama kuna mikanda inayofunga, na kama kuna mtu mzima asiyekuwa dereva anayeshuka kuwavusha. Wazazi wakiuliza kwa pamoja husikilizwa kuliko mmoja akiuliza kwa hasira.

Gari lililosimama pia lina hatari yake. Wakati wa malipo ya korosho foleni za benki na za AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, huwa ndefu, na mzazi humwacha mtoto garini akidhani anarudi mara moja. Joto ndani ya gari lililofungwa juani hupanda kwa takriban nyuzi 10 katika dakika 10 za mwanzo, kushusha kioo kidogo hakubadilishi mengi, na mwili wa mtoto hupata joto haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Mtoto ashuke nawe, hata kama amelala. Nyumbani gari lifungwe na ufunguo utundikwe juu, kwani wapo watoto wanaoingia kucheza wakashindwa kutoka. Na kabla ya kurudi rivasi, zunguka gari lote kwa miguu ujue kila mtoto yuko wapi.

Milango ya nyuma iwekwe loki ya watoto, kile kidude kidogo kilicho ubavuni mwa mlango, ambacho huzuia kufunguliwa kwa ndani. Nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo watoto wote washukie mlango wa kushoto, upande usio na magari wala bodaboda zinazopita.

Kwa asiye na gari, ambao ndio wengi wetu, jambo linaanzia kwenye simu. Ukimwita dereva wa kukodi, muulize kabla hajafika kama mikanda ya nyuma inafanya kazi, maana nyingi zimefunikwa na vitambaa vya siti na vifungio vimezama chini. Kama huna kiti cha mtoto mchanga, ukweli ni kwamba hakuna namna ya kumpakata iliyo salama; unachoweza ni kupunguza madhara: kaa nyuma, funga mkanda wako ukiwa peke yako ndani yake, mtoto awe nje ya mkanda huo, mwambie dereva aende taratibu, na kama safari si ya lazima, isogezeni mbele mpaka kiti kipatikane, hata cha kuazima kwa jirani.